Anayemwambia Audace

Jumanne, 21 Aprili 1998

Nimefunga bandeji hadi vidole vinauma. Vifundo, magoti, viganja. Tumbili wameshuka tena kwenye miti ya jirani na kubeba machungwa ya wachezaji. Kocha alicheka. Mimi sikucheka, ndimi niliyeyakata.

Baridi imeanza. Uwanja wa chuo uko juu kilimani na upepo wa baharini unaupata wote. Chini kunaonekana mtaa wa Greyville, uwanja wake wa mbio za farasi, na ghorofa ninamopanga, lenye rangi iliyobanduka.

Mchezo wenyewe bado unanishangaza. Wanauita futboli na karibu hakuna anayepiga mpira kwa mguu. Wanavaa helmeti na mabega ya plastiki, wanajipanga mistari miwili, wanatazamana, wanagongana, wanaanguka, wanajipanga upya. Kocha ni Mmarekani, amekuja kufundisha uhandisi kwa mwaka mmoja, vifaa vikamfuata kwa meli. Tunacheza na vilabu vya mitaani, halafu mwisho wa msimu na chuo kimoja cha Johannesburg. Mimi nasoma tiba ya viungo, mwaka wa pili. Kuhudumia timu ni sehemu ya mafunzo yangu. Wananiita Sista Skola ingawa nimeshawaambia mimi si nesi.

Audace amechelewa, ametoka kwenye kazi yake ya kulinda magari. Ni Mrundi. Beki wa mwisho: anasimama nyuma ya wenzake wote na kuzuia kinachopenya. Si hodari. Ana mbio, hana uamuzi. Mpira ukirushwa kulia yeye ameshakwenda kushoto. Lakini ndiye peke yake hapa ninayeweza kusema naye Kiha akanielewa, maana Kirundi na Kiha havipishani sana. Mimi ni wa Kasulu. Yeye alipita Kasulu akikimbia vita. Hilo hatulizungumzii. Tunazungumzia migebuka, samaki wa ziwani kwetu, na namna watu wa hapa wasivyojua kupika maharage.

Jumamosi, 9 Mei

Mechi ya kwanza, Queensburgh. Uwanja wa shule, nyasi zimekauka, wazazi wachache kwenye viti vya kukunja. Tumefungwa.

Audace kaumia. Alikwenda kumkaba mtu chini, goti likampata kichwani, upande wa kulia. Helmeti ilisogea. Sauti ya pigo niliisikia mpaka pembeni nilipokuwa.

Nikakimbia. Amelala chali, macho wazi, hapepesi. Alikuwa ananitazama mimi, kisha si mimi. Kitu kilicho nyuma ya bega langu. Akasema kwa Kirundi, taratibu, kwa adabu ambayo mtu huitumia kwa mkubwa wake: "Ndiyo. Nimekusikia."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nyasi tu na mstari wa chokaa.

Kisha akaketi. Nikamwuliza jina, siku, mahali. Kajibu vyote. Nikamwuliza alikuwa anasema na nani. "Na wewe, dada." Si kweli. Mimi nilikuwa sijafungua mdomo.

Kocha alimtoa hapo hapo. Wiki mbili bila mazoezi, kasema, na hakuna mjadala. Mzuri yule mzee.

Jumapili, 10 Mei

Nimempelekea uji. Kichwa kinamuuma. Anatabasamu peke yake. Nimekaa kidogo nikaondoka. Chumba kilikuwa na baridi kuliko nje.

Jumatatu, 25 Mei

Daktari wa chuo kamruhusu. Amerudi mazoezini.

Niandike nilichokiona, nisije baadaye nikadhani nimekitunga. Mandla ndiye nahodha, na ndiye anayerusha mipira. Alirusha kulia, Audace yupo kulia. Akarusha kushoto, yupo kushoto. Hakuwahi kufika amechelewa. Anaondoka kabla mkono wa Mandla haujainuka. Mwanzo Mandla alicheka. Akawaita wenzake, wakanong'onezana, wakapanga kitu kipya kabisa. Audace alikuwa amesimama mbali, ameinamisha kichwa. Mpira ukatoka. Yupo.

Mandla kaacha kucheka. Akaja kwangu kunywa maji. "Eish, sisi," akasema, yaani dada, "yule hanitazami hata kidogo. Anatazama chini."

Kweli. Anatazama chini, na kichwa kimelalia kushoto. Kama mtu anayenong'onezwa na mtu mfupi kidogo kuliko yeye.

Jumamosi, 6 Juni

Tumeshinda. Nyumbani, mbele ya watu wetu. Audace kadaka mipira mitatu iliyokuwa ya wapinzani. Kocha wao alikuja kulalamika kwamba tumeiba ishara zao. Kocha wetu akamwapia kwamba hatujaiba.

Timu nzima ilimbeba juu. Alikuwa anacheka nao, lakini mkono wa kushoto aliunyoosha pembeni muda wote, vidole vimekunjwa kidogo. Nilidhani anatafuta pa kujishikilia. Sasa nikikumbuka, hakuwa anatafuta.

Sijafurahi. Sijui kwa nini.

Jumapili, 7 Juni

Mama Espérance alitukaribisha chakula. Ni Mkongo, mwenye chumba ninachopanga, anauza vitenge mjini. Anapenda kulisha watu. Nikamwita Audace aje baada ya misa.

Mama alikuwa barazani anasuka nywele za jirani, akamwona anapanda ngazi. Mama alipoingia ndani akaweka sahani nne.

"Mama, tuko watatu," nikamwambia.

"Na ule mwenzake?" akasema. "Minaona watu mbili kwa ngazi. Anabakia inje juu ya nini? Mwite, chakula iko."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama Audace nicheke naye. Hakushangaa. Alikuwa ananawa mikono. Akasema kwa upole, bila kugeuka: "Asante, Mama. Yeye amekwisha kula."

Mama Espérance alirudisha sahani ya nne kabatini. Audace alipoondoka akanyunyiza maji ya baraka ngazini, toka juu hadi chini, na mlango akaufunga kwa ufunguo ingawa jua lilikuwa bado linawaka.

Naogopa. Nimejilaza tangu hapo na taa imewashwa.

Jumamosi, 13 Juni

Jana Bafana, timu ya taifa ya hapa, walifungwa na Wafaransa kwenye Kombe la Dunia, mji mzima umenuna. Watu wachache uwanjani. Tumeshinda tena, kwa sababu ya Audace tena.

Baada ya mechi nilimketisha kwenye benchi anywe maji, uso wake umeelekea jua. Mboni za macho hazilingani. Ya kulia ni kubwa. Si sana, ila nimeiona. Na kikombe kilimponyoka mkono wa kushoto, akakitazama kilipoanguka kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Hilo tumefundishwa. Mhadhiri alilirudia mpaka tukachoka: damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, wiki nyingi, mtu anatembea na kula. Nikaenda moja kwa moja kwa Kocha. Hakunibishia. Akamtia Audace kwenye gari lake, twende hospitali, na jezi yake ya matope.

Tumekaa kwenye foleni hadi jioni. Picha ya fuvu: hakuna ufa. Mashine ile kubwa ya kupiga picha ubongo ni mbovu, na wanaosubiri ni wengi. Kapewa tarehe 28 Julai. Daktari alikuwa amechoka lakini mtu mwema. Kasema akitapika au akizimia tumrudishe upesi.

Kocha kasema mpaka siku hiyo Audace hachezi, hakimbii, habebi hata begi.

Tukirudi kwa gari, kufika kwenye robot, zile taa za barabarani karibu na uwanja wa farasi, Audace akaniinamia sikioni, kwa Kirundi: "Nisipokimbia, simsikii."

Jumatano, 17 Juni

Sijamwuliza ni nani. Sitaki kujua.

Jumapili, 28 Juni

Nina matope mpaka magotini, viatu vimekufa.

Audace hakuwa kanisani Morningside. Waumini wakasema alikuwapo, akatoka katikati ya mahubiri, akashuka na barabara ya kuelekea mtoni. Nilimfuata kwa taxi, halafu kwa miguu. Nikamkuta mto Umgeni, saa sita ya mchana, jua limewaka mpaka maji yanaumiza macho. Amesimama ndani, maji magotini. Suti ya kanisani, tai, viatu. Wenye mbwa wanapita ng'ambo, hakuna anayemjali.

Mkono wa kushoto ameunyoosha kando. Vidole vimeshika kitu.

Niliita jina lake. Hakugeuka. Nikaita kwa Kiha. Akageuka, lakini si kwangu. Aligeukia kushoto, akaitikia. Kisha akanyamaza, anasikiliza. Kisha akaitikia tena, ndiyo, ndiyo, na akapiga hatua kuelekea kwenye kina.

Nikaingia majini. Nikamshika mkono. Ule wa kulia. Wa kushoto sikuthubutu kuugusa. Siwezi kueleza, na hapa sina wa kumdanganya: niliona kwamba una mtu.

Alikuja bila ubishi. Hospitali wakamtazama tena, akajibu maswali yote kwa akili timamu, wakakaa naye saa chache, wakamrudisha. Tarehe ni ile ile.

Jumatatu, 29 Juni

Amenieleza.

Ana kaka, Nestor. Alikuwa naye. Walikimbia pamoja, wao wawili tu, kupitia mabondeni, kwenye ukungu wa asubuhi ambao huoni hata mkono wako. Nestor ndiye aliyejua njia. Alitembea kushoto kwake, hatua moja nyuma, akimwambia: kulia, kushoto, inama, kimbia. Audace kazi yake ilikuwa kutii. Asifikiri. Aliyefikiri alikufa, kasema. Walipofika kwenye mafunjo ya mto Malagarasi Nestor akasema: "Lala chini." Akalala. Nestor akaenda mbele kutafuta pa kuvukia.

Akalala mpaka jua likapanda. Hakuna aliyerudi. Watu wengine walimkuta pale wakavuka naye.

"Dada, uso wake nilibaki nao," kaniambia. "Sauti ilipotea. Miaka hii yote nimeitafuta sauti, sikuipata. Siku ile Queensburgh akaniita. Sasa ninyi mnataka kuiingizia mashine."

Nimemwambia kuna damu kichwani mwake. Damu ndiyo inayosema.

"Damu inajua Mandla atarushia wapi?"

Nikamtazama mboni upya.

Jumamosi, 4 Julai

Tumecheza bila Audace. Tumefungwa vibaya. Alikaa kwenye benchi karibu nami na koti la Kocha mabegani, na kila mara kabla ya mpira kutoka alitamka chini chini, kwa Kirundi. Kulia. Kulia. Kushoto. Hakukosea hata mara moja. Sasa anasikia hata akikaa. Au inakuja karibu zaidi.

Niliziba masikio kwa kofia.

Ijumaa, 10 Julai

Mandla alinisubiri nje ya darasa. Kijana mpole, baba yake mchungaji huko Umlazi. Kasema wavulana wanataka Audace acheze dhidi ya Johannesburg, mechi moja tu, kisha aende kwenye mashine yake. Kasema hata yeye mwenyewe anamtaka. Nikamweleza kuhusu mboni, kikombe, mto. Nikamweleza kwamba pigo moja dogo linaweza kumaliza kazi. Akasikiliza. Akasema "sharp, sisi", yaani sawa, akaondoka kichwa chini.

Sijui kama amenielewa au amenikimbia.

Kocha yuko imara. Nimemwuliza tena leo. Kasema alishawahi kumzika mchezaji kwao, zamani, na hatazika wa pili.

Alhamisi, 23 Julai

Audace analala sana. Akiamka ananiita kwa heshima isiyo yangu, kama mimi ni mkubwa wake. Leo nimekwenda tena hospitali kuomba tarehe isogezwe. Mashine imepona, kasema mwanamke wa mapokezi, lakini foleni ni foleni. Jumanne, dada. Jumanne si mbali.

Nimemwomba asije uwanjani Jumamosi. Kasema atakuja kutazama tu.

Mama Espérance anamwombea kila jioni. Anaomba majina mawili. La pili hakuna aliyemwambia.

Jumamosi, 25 Julai

Naandika hapa hospitali.

Wamekuja kwa basi kutoka Johannesburg, wakubwa, shingo kama magogo. Watu wengi. Audace alikaa kwenye benchi, jezi ndani ya koti. Niliiona jezi. Nilisema, akajibu ni kwa ajili ya picha ya timu. Nikakubali.

Kipindi cha pili tulikuwa nyuma kidogo. Kijana wetu mmoja akaanguka karibu nami, paja limekaza, nikapiga magoti kumnyoosha. Katika mchezo huu wachezaji wanaingia na kutoka wakati wowote, hakuna anayesimamisha kitu. Nilipoinua kichwa, benchi lilikuwa na koti tu.

Alikuwa ndani. Nyuma ya wenzake wote, mahali pake, helmeti ya mtu mwingine kichwani. Mandla alikuwa pembeni na alikuwa amemwona. Nilimtazama, akatazama kwingine. Kocha alikuwa upande wa pili anabishana na refa.

Mpira ukatoka. Audace aliukimbilia kabla haujarushwa, na nikamwona mtu wao anakuja kutoka upande wa kulia, upande ambao jicho lake limeharibika, mtu mkubwa kuliko wote, ameinamisha kichwa. Audace hakumwona. Hakuna aliyemwambia kuhusu huyu. Au aliambiwa na hakujali.

Sikufikiri. Niliita kwa Kiha, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ile anayotumia mkubwa kwa mdogo. "Lala chini."

Akalala. Alianguka palepale mzima mzima, kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Yule mtu akapita hewani juu yake, akaenda kugonga mwenzake. Wale wenye vuvuzela za bati wakazishusha.

Kisha niliona mkono wake wa kulia unasukuma ardhi. Alitaka kuinuka. Hakuwa anatazama mpira wala watu. Alikuwa anatazama mstari wa mbali, kwenye miti. Nikaita tena, na tena, huku ninakimbia. Nikafika, nikamlalia juu kwa uzito wangu wote mpaka filimbi ikapigwa.

Alitapika ndani ya helmeti. Kisha hakuamka.

Wanampasua. Wanaendelea hadi sasa. Kocha amekaa sakafuni kwenye korido, mtu mzima, miguu imenyooshwa kama mtoto. Matokeo ya mechi siyajui.

Jumapili, 26 Julai

Yu hai.

Daktari wa upasuaji katuonyesha kwa kidole kwenye kichwa chake mwenyewe: damu ilikaa hapa, upande wa kulia, ya zamani na mpya. Pigo moja zaidi, kasema, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Akauliza nani alimfanya aanguke kabla ya kugongwa. Nikasema sijui. Nilishindwa kusema ni mimi.

Maana nilijua nilichokuwa ninakitumia. Maneno ya mwisho ya kaka yake. Nimeyaokota kwenye mafunjo na kumrushia.

Alhamisi, 30 Julai

Mandla kaja na maua yaliyonyauka. Amelia mbele yangu, hakuona aibu. Kasema alimwona Audace anaingia na angeweza kumzuia kwa mkono. Sikumwambia si neno. Ni neno. Lakini nilimpa kiti.

Kisha akasema kitu, na tangu hapo sijatulia. Alitaka kujua nilichopiga kelele ni lugha gani. Nikamwambia. Akasema alisimama karibu nami na alitutazama wote wawili. "Ulipiga kelele baada, sisi. Yeye alikuwa ameshalala."

Nikamwambia amekosea. Nilipiga kelele, akalala. Nilikuwapo.

Mandla akatikisa kichwa. "Alilala," akasema, "halafu wewe ukafungua mdomo. Ndiyo maana niliogopa. Nilidhani mmeambiwa wote na mtu mmoja."

Jumatano, 12 Agosti

Amefungua macho vizuri leo. Mboni zinalingana. Kichwa kimenyolewa, mshono mrefu kama nusu ya kiatu cha farasi. Mkono wa kushoto hausikii.

Kanijua. Kasema jina langu. Nikashika reli ya kitanda nisianguke.

Akakaa anasikiliza, kichwa kimelala kushoto kwenye mto. Nesi akapita, gurudumu la toroli likalia, akaendelea kusikiliza. Nikasubiri naye. Kisha akasema: "Kumenyamaza."

Akageuzia uso ukutani. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilirekebisha shuka ambalo halikuwa limeharibika.

Msimu umekwisha. Kocha anarudi kwao mwezi ujao. Helmeti zimefungwa kwenye maboksi stoo ya chuo, hakuna anayejua za nini.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimekwenda Queensburgh. Audace anakaa na familia ya kanisa, nyumba yenye bustani nyuma. Anatembea kwa fimbo. Namfanyisha mazoezi ya mkono: fungua, funga, shika, achia. Kidole gumba kimeanza kutii.

Mama wa nyumba alituletea beseni la maharage mabichi tumenye. Tukakaa kwenye ngazi za jikoni. Yeye analishikilia ganda kwa mkono mbovu, analipasua kwa mzima. Polepole. Jua zuri.

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga. "Audace, siku ile. Aliyekuambia ulale ni mimi."

Alimaliza ganda alilokuwa nalo. Akachukua jingine.

"Sauti yako naijua, dada," akasema. "Nilisikia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa amri, nikalala. Halafu nikamsikia anakwenda zake, kama siku ile. Nikasema leo silali. Leo namfuata." Ganda lilimponyoka, akaliokota tena kwa mkono ule ule, kwa shida. Sikumsaidia. "Ndipo ikaja ya pili. Hiyo ilikuwa inanibembeleza. Tafadhali, tafadhali, baki chini. Nestor hakuwahi kumbembeleza mtu."

Sikukumbuka kama nilisema tafadhali. Bado sikumbuki.

Tumemenya mpaka beseni limekwisha, mama wa nyumba akaja kuyachukua, akasema mengine yana wadudu, tukayachambua upya.

Nimerudi Greyville mapema. Nimefua koti langu. Mama Espérance ameenda kwenye mkesha wa kwaya, nyumba ni yangu. Nimepika ndizi. Kesho tuna mtihani wa misuli ya bega, nami sijasoma hata ukurasa.